KUULIZA KILICHOMO CHUNGUNI SI USHAMBA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Majuma haya machache maswali yanayonijia yanafanana. Yanatoka kwa vijana wetu, wengi wako vyuoni au ndio kwanza wameanza kazi. Wengine wako Dar es Salaam na Nairobi, wengine wako masomoni Kuala Lumpur na Seoul. "Shekhe, marafiki wamenialika mgahawa wa Kikorea, naruhusiwa kwenda?" "Shekhe, nikila kuku na mboga tu, kuna ubaya?" "Shekhe, nimeshakula, sasa inakuwaje?"

Nami kila mmoja nilimrudishia swali moja: je, ulimuuliza mhudumu ile nyama ni ya nini, imetoka wapi, na imepikwa na nini? Jibu likawa karibu lile lile kwa wote: "Niliona haya, shekhe."

Subhanallah! Mhudumu amesimama hatua mbili kutoka mezani, yeye ndiye anayejua kilichomo jikoni, na kazi yake ni kujibu wateja. Kijana wa Kiislamu anamuonea haya huyo, halafu usiku wa manane anamuandikia shekhe aliye mji mwingine, ambaye hiyo sahani hakuiona. Mimi nitajuaje kilichokuwa ndani ya mchuzi wako?

Basi leo sizungumzi juu ya Wakorea. Nazungumza juu ya haya hii mbaya iliyowaingia vijana wetu, haya ya kuuliza mbele ya marafiki. Someni mpaka mwisho, maana wengi husoma mistari mitatu kisha wakakimbilia kubishana.

KWANZA: CHAKULA HAKIWI HARAMU KWA KUWA CHA KIGENI

Nianze na wenzetu wa upande wa pili. Wapo wanaosikia neno "Kikorea" tu wakasema haramu, mambo ya makafiri, kwisha. Huo sio uchamungu. Allah (s.w.t.) katika Suratun Nahl, aya ya 116, anatukataza ndimi zetu kutamka uongo kwamba hiki halali na hiki haramu. Mwenye kuharamisha bila dalili na mwenye kuhalalisha bila dalili wote wamemzulia Mola wao.

Asili ya vyakula ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Pilau unayoila harusini haikuanzia Tanga. Sambusa, biriani, chapati na haluwa vilikuja na majahazi, wazee wetu wakavipokea, na leo mtu akikwambia sambusa ni ya kigeni utamcheka. Wakorea nao wana vyakula vyao, na vingi ndani yake ni neema tupu. Kimchi ni kabichi iliyotiwa chumvi, pilipili, kitunguu saumu na tangawizi, aghalabu na mchuzi wa samaki au uduvi, ikaachwa ichachuke. Samaki na uduvi kwetu Mashafi hawana tatizo. Bibimbap ni wali uliopangwa mboga na yai juu yake, na mara nyingi nyama ya ng'ombe. Japchae ni tambi za wanga wa viazi vitamu. Sikhye ni kinywaji kitamu cha mchele kisicholevya. Wana kingine cha mdalasini na tangawizi, mtu wa Lamu akinywa atadhani kimetoka kwao.

Na adabu zao za mezani zipo ambazo zingewafaa watoto wetu: kwao mdogo hatangulii kula mpaka mkubwa ainue kijiko. Kula kwa vijiti si dhambi, ilimradi unakula kwa mkono wa kulia na umetaja jina la Allah. Kwa hiyo anayesema kuingia tu mgahawa wa Kikorea ni ukafiri, amche Allah, asiwakimbize vijana kwenye dini kwa mambo ambayo dini haikuyasema.

PILI: LAKINI UNAJUA UMEKETI MBELE YA NINI?

Sasa nirudi kwako wewe kijana uliyefurahi kusikia hayo. Katika mapishi hayo hayo, nguruwe si mgeni wa mara moja moja. Yuko katikati ya nyumba.

Chakula kinachopendwa sana katika migahawa hiyo ni nyama ya kuchoma mezani. Kuna chuma cha kuchomea katikati ya meza, nyama inaletwa mbichi, mnachoma wenyewe. Nyama maarufu kuliko zote katika hizo huitwa samgyeopsal, nayo ni tumbo la nguruwe. Wewe umeagiza ng'ombe, sawa. Chuma hicho kimechoma nini kabla hujakaa? Na mwenzako wa upande wa pili wa meza ameweka nini ubavuni mwa nyama yako, mafuta yakachuruzika yakachanganyika?

Tazama na vingine. Tambi za mchuzi mweusi, jajangmyeon, kwa kawaida hupikwa kwa nyama ya nguruwe, na mara nyingi na mafuta yake. Mchuzi wa kimchi mara nyingi hutiwa nguruwe. Mandu, zile zinazofanana na sambusa za mvuke, nyingi zina nguruwe ndani. Gimbap, wali uliozungushiwa mwani, mara nyingi ndani yake mna kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Supu yao iitwayo budae-jjigae ilianza baada ya vita vya Korea, kwa nyama za makopo na soseji zilizotoka kambi za jeshi la Marekani, na mpaka leo nyama hizo ndizo zinazotiwa.

Na hili likumbuke sana. Katika menyu ya Kikorea ukiona neno "sundae", usidhani ni aiskrimu. Hilo ni jina la utumbo wa nguruwe uliojazwa damu na tambi. Nguruwe na damu vyote viwili vimetajwa kwa jina katika Suratul Maida, aya ya 3, na hapa vimekutana katika sahani moja. Ukiona haya kuuliza, utaagiza kwa kusoma herufi, ukitarajia maziwa na sukari.

Vinywaji vivyo hivyo. Soju ni pombe kali ya kukeneka, jamaa ya gongo. Siku hizi ziko zenye ladha ya matunda, tamu, zenye rangi ya kupendeza, mtu atadhani ni sharubati, na kumbe kilevi chake ni karibu asilimia 12 au 13, zaidi ya mara mbili ya bia ya kawaida. Makgeolli ni pombe ya mchele, nyeupe kama uji mwepesi. Kuna kijana anayeweza kuinywa mpaka nusu ya bakuli kabla hajajua.

TATU: HOJA MNAZONILETEA

Nimezisikia hoja zenu. Nitazijibu moja moja, kwa uadilifu.

Hoja ya kwanza: "Mimi sili nguruwe, naagiza kuku." Nani kakufundisha kwamba uhalali wa nyama ni aina ya mnyama peke yake? Bi mkubwa wako nyumbani hakununua kuku akamnyonga. Alitafuta wa kumchinja. Kuku asiyechinjwa kisheria ni mfu, na mfu kaharamishwa katika aya ile ile iliyoharamisha nguruwe. Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna wepesi, kwa kuwa kwenye machinjio mengi wachinjaji ni Waislamu. Hiyo ni neema ya Allah, kisha ni matunda ya wazee waliokuwa wakiuliza. Lakini nyama iliyogandishwa ikaja kwa meli huijui. Nanyi mlioko Seoul, kumbukeni kwamba sensa ya huko ya mwaka 2015 ilionyesha zaidi ya nusu ya watu wake hawana dini yoyote. Ruhusa ya Suratul Maida, aya ya 5, ni ya chakula cha Watu wa Kitabu. Asiye na dini hamo humo.

Hoja ya pili: "Nimesema Bismillah, inatosha." Hapa wanaleta hadithi ya Mama Aisha (r.a.) aliyoipokea Bukhari: watu walimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba kuna kaumu inawaletea nyama, na hawajui kama walilitaja jina la Allah wakati wa kuchinja, naye akawaelekeza wao walitaje na wale. Hadithi ni sahihi. Lakini soma mpaka mwisho! Mama Aisha mwenyewe anaeleza kwamba watu wale walikuwa ndio kwanza wametoka katika ukafiri. Yaani ni Waislamu wapya. Ni mafundisho ya kumdhania vyema Muislamu mwenzako na kuacha wasiwasi. Wewe unaichukua hadithi hiyo unaipeleka kwenye mgahawa ambao nguruwe ameandikwa ukutani na picha yake, na chupa za soju zimepangwa nyuma ya kaunta. Bismillah haimgeuzi nguruwe kuwa mbuzi. Bismillah ni ibada. Usiifanye dawa ya kufunika macho.

Hoja ya tatu: "Pombe iliyotiwa kwenye nyama inaisha motoni." Watu wengi wanaamini hivi, hata wapishi. Idara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali la jambo hili: chakula kilichotiwa pombe kikichemka dakika 15 hubaki na kilevi kama asilimia 40, saa nzima asilimia 25, na baada ya saa mbili na nusu bado ipo asilimia 5. Hao si masheikh, ni watu wa vipimo. Na sisi kabla ya vipimo tuna kauli ya Mtume wetu (s.a.w.), kama alivyoipokea Jabir (r.a.) katika Abu Daud na Tirmidhi, kwamba chenye kulevesha kwa wingi wake basi hata uchache wake ni haramu. Baadhi ya wapishi hulainisha nyama ya bulgogi kwa mvinyo wa mchele, ili kuondoa harufu. Uliuliza?

Hapa nitenganishe, nisije nikawatia watu dhiki. Mchuzi wa soya hupitia uchachu, na uchachu huzaa kilevi kidogo chenyewe, kama unavyozaa katika mkate. Hakuna mtu anayelewa kwa mchuzi wa soya, na wanachuoni wengi wa zama hizi hawakuuharamisha kwa sababu hiyo. Lakini ile pilipili yao ya kuchachusha, gochujang, viwanda vingi huitia kilevi kwa makusudi ili isiendelee kuchachuka. Hilo ni jambo jingine, na wanachuoni wamelijadili kwa viwango vyake. Ziko gochujang zenye alama ya halali zisizotiwa kitu. Kopo lina maandishi. Muombe mhudumu akuletee kopo usome.

Hoja ya nne: "Wameandika hakuna nguruwe." Hii ndiyo kubwa, na ndiyo inayowamaliza wengi. Ndugu yangu, "hakuna nguruwe" ni habari ya mnyama mmoja. Haikwambii lolote kuhusu kuchinja, pombe, wala chombo. Malaysia, ambako wengi wenu mnasoma, maandishi ya "hakuna nguruwe, hakuna mafuta ya nguruwe" yametapakaa milangoni, na wenyeji wanajua hayo si ithibati ya halali. Ithibati ya huko ni ya JAKIM na mabaraza ya dini ya majimbo. Huko Korea kwenyewe, Shirika la Utalii la nchi hiyo liliigawa migahawa inayopokea Waislamu katika mafungu manne: yenye ithibati ya halali, ambayo mwenyewe Muislamu anajithibitishia, iliyo rafiki kwa Waislamu, na la mwisho kabisa, isiyo na nguruwe. Yaani Wakorea, ambao wengi wao hawasujudu hata rakaa moja, wameijua tofauti hiyo. Wewe uliyehitimu juzuu thelathini madrasa unashindwa nini?

NNE: MEZA, CHUMA NA BILI

Katika suala la vyombo tunayo hadithi ya Abu Thaalaba al-Khushani (r.a.). Alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu majirani zao Watu wa Kitabu, wanaopika nguruwe katika vyungu vyao na kunywa pombe katika vyombo vyao. Akaelekezwa: wakipata vyombo vingine watumie hivyo, na wasipopata, wavioshe kwa maji kisha wavitumie. Imo katika Abu Daud, na asili yake imo katika Bukhari na Muslim.

Angalieni mambo mawili. Abu Thaalaba aliuliza. Hakuona haya, wala Mtume hakumwambia "unaleta dini ngumu". Na jibu lilikuwa na njia: tafuta kingine, au osha. Katika dhehebu letu la Shafi, kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Madhehebu mengine wanasema kuoshwa mpaka najisi iondoke kunatosha. Chukua rai uipendayo katika hizo, lakini hakuna dhehebu linalosema futa kwa karatasi ukaendelea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hawajawahi kulifikiria: bili.

Binti mmoja alinieleza kwamba walikwenda watu sita. Yeye alikula wali na mboga, akanywa maji. Wenzake wawili waliagiza soju. Mwisho bili ikaja, ikagawanywa sita sawasawa, kila mtu akatuma fungu lake kwa simu. Akaniuliza kama wali ule ulikuwa na neno. Nikamwambia: binti yangu, wali wako sina shaka nao. Nina shaka na fungu lako la bili.

Katika hadithi ya Anas (r.a.) aliyoipokea Tirmidhi na Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) amewalaani watu kumi katika pombe. Mnywaji ni mmoja tu kati ya kumi! Yumo mkamuaji, yumo mbebaji, yumo mwenye kupelekewa, yumo muuzaji na mwenye kula thamani yake, na yumo mwenye kuinunua. Bili ikigawanywa sawasawa na ndani yake kuna soju, umetoa pesa yako halali, uliyoitolea jasho, ukachangia kununua pombe. Hukuonja hata tone, na umeingia mlangoni mwa laana kwa sababu uliona haya kusema maneno haya mepesi: "Mimi nalipa changu."

Tena iko hadithi ya Jabir (r.a.) katika Tirmidhi na kwa wengine, kwamba mwenye kumuamini Allah na siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa pombe. Kwa hiyo usinambie "wao wanakunywa, mimi nakula". Ikiwa unajua kabla ya kwenda kwamba meza itakuwa na pombe, udhuru wako useme mapema. Ikiwa imeletwa ghafla, hamia meza nyingine, au simama. Rafiki wa kweli atasema, "Samahani, iondoeni." Asiyeweza kukaa saa moja bila chupa kwa ajili ya heshima yako, huyo anakuhitaji ujaze kiti tu.

TANO: VITU VITAMU

Wengi wanafikiri hatari inaishia kwenye nyama. Wanatoka mgahawani kwa taqwa kabisa, "sisi hatukula nyama," wanakwenda duka la keki na aiskrimu, na hapo wanakula kila kitu bila kuuliza. Sukari imekuwa kama ndiyo twahara yenyewe.

Keki ya tiramisu katika mapishi mengi hutiwa mvinyo au pombe kali ya kahawa. Keki ile nyeusi ya cheri ya Kijerumani, asili yake hutiwa pombe ya cheri. Aiskrimu ya zabibu kavu mara nyingi zabibu zake zimerowekwa katika ramu. Hivyo vyote si siri, muulize muuzaji atakwambia kwa fahari.

Kisha kuna jelatini. Hii ndiyo inayogandisha jeli, pipi laini za kutafuna, zile pipi nyeupe za kuvutika kama pamba, na keki nyingi za malai zisizookwa. Hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, na nguruwe ni katika wanaotumika sana duniani. Katika orodha ya viungo huandikwa jina lake. Wako wanachuoni waliosema kikigeuka dhati yake kimegeuka na hukumu yake. Lakini Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa haikuruhusu jelatini ya nguruwe, na fiqhi yetu ya Kishafi imebana sana mlango huo wa kugeuka. Sasa kwa nini ujitie katika khitilafu wakati njia nyeupe ipo? Ipo jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali, na ipo ya samaki. Hata mwani ule wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, hukamuliwa kigandishi kinachotiwa kwenye vyakula duniani kote. Mama wa Kiislamu anasimama majini kwa magoti, mtoto wake yuko mjini anakula cha nguruwe kwa kuwa aliona haya kuuliza!

Bingsu, ile barafu ya maziwa iliyoparwa ikatiwa maharage mekundu ya sukari na vipande vya unga wa mchele, asili yake haina neno. Tazama kilichomwagwa juu yake: matunda na maharage, kula umshukuru Mola wako, jeli na pipi za pamba, uliza kwanza.

SITA: MASWALI MATANO TU

Sikutaki uwe mtu wa wasiwasi, unayechungulia jiko la kila jirani. Ukialikwa na Muislamu nyumbani kwake, kula, usimhoji. Hapa nazungumzia mahali ambapo haramu inauzwa waziwazi. Hapo uliza matano:

1. Nyama hii ni ya mnyama gani, inatoka wapi, na kachinja nani? Kama wana ithibati, iwe ya chombo kinachojulikana, mfano BAKWATA kwa Tanzania au Kenya Bureau of Halal Certification kwa Kenya, na uangalie tarehe yake. Karatasi waliyochapa wenyewe wakaibandika mlangoni si ithibati.
2. Mnapika nguruwe jikoni humu? Kama ndiyo, chuma, mafuta ya kukaangia na visu ni vya peke yake?
3. Mmetia mvinyo wowote katika kulainisha nyama au katika mchuzi?
4. Mchuzi huu umeanzia na supu ya nini? Wengi huchemsha dagaa na mwani, jambo zuri, lakini wengine huchemsha mifupa.
5. Kwenye kitamu hiki kuna jelatini au pombe?

Maswali hayo hayafiki dakika mbili. Wenzako walipokuwa wakipiga picha za sahani zao walitumia zaidi ya hizo. Mwenye mzio wa karanga anauliza mezani bila kuona haya, anaogopa kuvimba koo. Asiyekula nyama anauliza na wote wanamheshimu. Wewe unayeogopa moto unanyamaza!

Ukijibiwa vizuri, kula kwa furaha. Ukiambiwa "sijui", basi hapo ndipo inapokuja hadithi ya Nuuman bin Bashir (r.a.): halali iko wazi, haramu iko wazi, na katikati yana utata, na mwenye kuyaepuka amejisalimishia dini yake na heshima yake. Agiza chai, zungumza na wenzako, ukale nyumbani.

NENO LA MWISHO

Wanasema haya ni katika imani, na ni kweli. Lakini Mama Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Waliuliza mambo mazito ya miili yao mbele ya Mtume wa Allah. Sisi tunashindwa kuuliza habari za supu!

Abubakar Swiddiq (r.a.) aliletewa chakula na mtumwa wake, akala. Kisha akaambiwa kwamba kimetokana na malipo ya ukuhani wa zama za ujahilia. Akatia kidole kooni akatapika vyote vilivyokuwa tumboni. Imo katika Bukhari. Hakujua alipokula, na asiyejua hana dhambi. Bado hakutaka kibaki ndani yake. Na wewe unayesema "nimeshakula, sasa inakuwaje?", jibu lako ni hili: kama hukujua, Allah ni Mwenye kusamehe, usijitapishe. Kama ulijua au ulikataa kujua kwa makusudi, tubu, na safari ijayo fungua mdomo kuuliza kabla ya kuufungua kula.

Mnajua kwa nini nalitia uzito? Katika Sahihi Muslim, Abu Huraira (r.a.) anapokea habari za mtu aliye safarini, nywele zimetimka, vumbi limemjaa, ananyoosha mikono mbinguni akimwita Mola wake, na chakula chake ni haramu, kinywaji chake ni haramu, vipi atajibiwa? Mnaniomba niwaombee dua ya kazi, ya ndoa, ya mitihani. Ninaomba, wallahi ninaomba. Lakini mtu hawezi kuufunga mlango kwa tumbo lake halafu akasikitika kwamba haufunguki.

Wazazi, mnawapa watoto pesa za matembezi na hamuulizi wamekula nini. Ulizeni, kwa upole. Wenye migahawa, Waislamu ni wateja wenu. Andikeni ukweli wa mnachopika, msiandike halali kwa kutafuta biashara. Nanyi vijana, jueni kwamba soko linamsikiliza anayeuliza. Seoul kwenye mtaa wa Itaewon, ambako msikiti ulifunguliwa mwaka 1976, leo kuna safu ya migahawa ya halali, ya Kikorea ikiwemo. Haikushuka kutoka mbinguni. Waislamu wachache, wageni, katika nchi ambayo nguruwe na pombe ni kila siku, waliuliza na wakaendelea kuuliza. Wewe uko Dar es Salaam, unasikia adhana kutoka mezani, unaona haya!

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako, na utupe ulimi wa kuuliza na moyo wa kutii. Amin.

Mfikishie kijana wako, bila kumkejeli. Wallahu a'alam.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.